Matanga ya Linval, Saa Kumi na Moja Jioni

Barua ilisema Linval amepatikana katika shamba la vitunguu.

Icilda Parchment aliisoma mara nne akiwa amesimama getini, jembe bado limeegemea kiunoni. Ilitoka London, na aliyeiandika alikuwa mtu wa adabu. Alieleza kwamba ile ndege ya mabomu, usiku ule wa Juni mwaka arobaini na nne, iliangukia ziwani huko Uholanzi. Waholanzi, ambao hawawezi kuona maji yametulia wakayaacha, baadaye walilikausha ziwa lile wakalifanya mashamba. Sasa mkulima mmoja alikuwa akichimba mfereji kando ya vitunguu vyake, akakuta bawa. Chini ya bawa walikuwamo vijana wote saba. Sajenti L. A. Parchment, mpiga bunduki wa mkiani, alitambuliwa kwa kibati cha shingoni. Watazikwa kwa heshima zote Jumanne, tarehe kumi na nne Mei 1996, na nauli italipwa kwa jamaa mmoja wa kila marehemu.

Jamaa mmoja alikuwa yeye, dada yake. Mwingine hakuwapo.

Aliikunja barua, akaitia mfukoni mwa aproni, akarudi kutandaza nyasi kavu kwenye matuta yake. Pale Hebron, kijijini kwao kisiwani, udongo ni mwekundu na jua halina huruma. Usipoufunika udongo, vitunguu vinababuka. Alifanya kazi mpaka jioni. Hakumwambia mtu habari ile siku hiyo, wala kesho yake, wala keshokutwa. Lakini kilichomsumbua hakikuwa kuwaficha watu. Kilichomsumbua ni kwamba hakumwambia Linval.

Maana Linval alikuwa akiambiwa kila kitu. Chumba chake kilikuwa upande wa mashariki wa nyumba, na kila jioni Icilda alikifungua, akapangusa vumbi, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda na kutoa taarifa: vitunguu vimeuzwaje, nani amezaa, nani amekufa, mbuzi wa nani amekula mbegu za nani. Kitanda kilikuwa palepale kilipoachwa mwaka arobaini na tatu, kichwa dirishani, miguu mlangoni. Hakijasogezwa hata kidole kimoja. Mwaka themanini na nane kimbunga kiling'oa bati la chumba chake mwenyewe, akalala sebuleni juu ya magunia miezi mitano, mvua ikimchuruzikia, huku kitanda kizuri kikavu kiko hatua sita kutoka kwake. Hakukigusa.

Kila mtu Hebron alijua sababu. Mtu akifa, watu hukusanyika hadi usiku wa tisa, wakala, wakaimba, kisha chumba chake kikapinduliwa: kitanda huku, kabati kule, ili mzimu ukija usipatambue, ujue hapa si pake tena, ushike njia. Linval hakufanyiwa. Simu ya maandishi kutoka jeshini ilisema tu hajulikani alipo. Mama yao, Miss Clementina, alisema huwezi kumpigia matanga mtu aliye njiani, akakataza chumba kisiguswe. Na alipokaribia kufa, mwaka sitini na moja, aliusia kwamba kibaki hivyohivyo mpaka ijulikane Linval yuko wapi.

Hivyo ndivyo Hebron ilivyojua, kwa sababu hivyo ndivyo Icilda alivyoiambia.

*

Siku ya nne Merdell, mwenye duka la njia panda, alimkamata dukani.

"Ici, una nini kwenye aproni? Siku nne unajipapasa, mtu atadhani una upele."

"Sina kitu."

"Huna kitu! Mimi nimekujua tangu unavaa gauni la gunia la unga, leo unaniambia huna kitu. Lete hapa."

Icilda aliitoa. Kwa nini aliitoa hakujua. Labda mkono ulichoka kuilinda. Merdell aliisoma kwa sauti, kwa sababu Merdell hakuwahi kusoma kitu kimyakimya maishani mwake, na wanaume waliokuwa wakicheza dhumna barazani waliacha kupiga meza. Mmoja wao alikuwa Mas Euton Ebanks, fundi seremala aliyeitwa Mas kwa heshima ya umri, mwenye miaka sabini na mitatu na jicho moja zima. Alisimama, akavua kofia.

"Vitunguu," alisema. "Baba yake alimtoa ngozi mgongoni kumfundisha kulima vitunguu, akatoroka kwenda kuruka angani. Kumbe amerudi shambani."

Watu walicheka, naye akacheka, kisha akajifuta lile jicho moja kwa kofia.

Kabla ya adhuhuri hapakuwa na mtu Hebron asiyejua, na kabla ya jua kutua walishaanza kubishana.

"Usiku wa tisa tunahesabu kuanzia lini?" aliuliza Merdell. "Tangu alipokufa? Basi tumechelewa kidogo."

"Tangu atakapozikwa," alisema Shemasi Wint. "Mtu hajazikwa, hajaanza safari. Akizikwa Jumanne, usiku wa tisa ni Jumatano ya wiki ya pili. Saa sita usiku tunapindua chumba."

"Saa sita ya wapi?"

"Ya hapa. Ya wapi tena?"

"Mtu amekufa Uholanzi, anazikwa Uholanzi, halafu wewe unampa saa ya Hebron! Binti yangu Birmingham akinipigia anasema, Mama huku tumeshafunga milango, mimi hapa ndiyo kwanza napika cha mchana. Na Uholanzi wamewatangulia Waingereza saa nzima. Mzimu utatoka saa sita yao. Sisi tutafika na kahawa zetu mkononi, mwenzetu kashapita zamani."

"Mzimu hauna saa, Merdell."

"Huu ulikuwa jeshini, Shemasi. Una saa."

Baraza zima liliangua kicheko. Mas Euton alichukua penseli ya sikioni, akaandika kwenye ubao wa dhumna, akajumlisha na kutoa mara mbili. "Saa sita usiku kule ni saa kumi na moja jioni hapa," alisema. "Nami naona heri. Jua bado lipo, nitaona ninachokibeba."

Hapo ndipo Icilda alipopata sauti. "Mama hakutaka."

Walimheshimu Miss Clementina hata baada ya miaka thelathini na mitano kaburini.

"Icilda," alisema Mas Euton polepole. "Mama alisema kisiguswe mpaka ijulikane alipo. Sasa imejulikana. Wosia umetimia."

Lile neno la mwisho, mpaka ijulikane alipo, alilitia Icilda mwenyewe wakati ule ili uongo usionekane mkavu. Siku za mwizi arobaini, wanasema. Za kwake zilikuwa zimetimia mbele ya dhumna na soda.

"Na mimi nina deni la wimbo," Mas Euton aliendelea, sasa akisema na meza zaidi ya watu. "Tulikwenda Kingston wote wawili kujiandikisha, nyuma ya lori la ndizi. Yeye wakamchukua, mimi jicho likanirudisha. Akaniambia, Euton, nikifa niimbie, lakini usiimbe kama unavyoimba kanisani, imba vizuri. Miaka hamsini na mitatu nimekaa na wimbo kooni. Nani nimwimbie, na mama yake amesema hajafa?"

Icilda aliiangalia mikono yake. Akasema sawa, Jumatano.

*

Hakwenda Uholanzi. Aliwaandikia kwamba miguu inamsumbua, na hakuna wa kumwachia nyumba. La miguu lilikuwa nusu kweli.

Jumanne ya mazishi alikaa kwenye kile kiti kando ya kitanda, tangu asubuhi, akijaribu kumwambia ndugu yake kwamba anazikwa leo. Alianza na bei ya vitunguu. Akahamia kwa mbuzi wa Merdell. Akarudi kwenye vitunguu. Wanasema kifo cha wengi harusi, na Linval alikufa na wenzake sita, wakalala pamoja udongoni miaka yote hiyo bega kwa bega. Hiyo ndiyo ilikuwa ajabu yake: aliyekufa hakuwahi kuwa peke yake. Aliyekuwa peke yake ni huyu aliyekaa kitini.

Akamkumbuka Mama. Machi ya mwaka sitini na moja, mwili umebaki mifupa na macho, Miss Clementina alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo Icilda hakujua ameitoa wapi.

"Icilda. Pindua kitanda."

"Kitanda gani, Mama?"

"Cha Linval. Nimekosea. Nilidhani namngoja, kumbe namzuia. Mtoto amechoka kusimama. Mpigie matanga yake, aende akapumzike. Niahidi."

"Ndiyo, Mama."

Alizikwa Jumapili. Usiku wake wa tisa waliimba mpaka majogoo, wakapindua chumba cha mama, na wanaume wakauliza, je, cha kijana nacho? Icilda alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba kile. Alikuwa na miaka thelathini na mitano. Baba amekufa, Mama ameondoka leo, na kesho asubuhi angeamka ndani ya nyumba yenye vyumba vitatu, hakuna wa kumwambia kumekucha. Aliogopa. Aliogopa kama mtoto, na mdomo ukafunguka wenyewe: Mama ameusia kisiguswe.

Mwaka uliofuata, Juni, Euton alikuja na shati limepigwa pasi. Alisema mengi kuhusu mbao na bei ya saruji kabla ya kufika kwenye neno. Alitaka kumwoa. Wangehamia pale, chumba cha mashariki kiwe chao. Icilda akasema wosia. Basi nitajenga kingine, alisema Euton. Icilda akasema Mama hakutaka nyumba iguswe kabisa, isije ikampotea Linval. Euton aliheshimu wafu. Alivaa kofia, akashuka kilima, na baada ya miaka mitatu akaoa mwanamke wa mji wa Junction, mwanamke mwema, aliyefariki juzijuzi tu.

Alimkataa si kwa kutompenda. Alimpenda mpaka akaunguza wali siku ile na kesho yake. Ila aliye hai anaweza kuondoka, na yeye alishachoka kubaki kwenye mlango akimwangalia mtu akiondoka. Linval asingeondoka mpaka yeye amruhusu.

*

Jumatano ile watu walianza kufika tangu saa tisa. Merdell alileta samaki wa kukaanga beseni zima, na mikate ya muhogo, na maelekezo kwa kila mtu. Wanaume waliweka meza ya dhumna chini ya turubai. Pombe nyeupe ya miwa ilimwagwa kidogo kwenye kila pembe ya nyumba na nyingi zaidi mahali pengine. Vijana ambao hawakumjua hata mtu aliyemjua Linval walikula kwa niaba yake kwa moyo mmoja. Icilda alivaa nguo nyeupe, akapokea pole, akasema asante, asante, na kila alipoitazama saa ya ukutani mshale ulikuwa umemsogelea.

"Robo saa!" alipaza Merdell, saa ya mkononi ameshika juu. "Uholanzi wanakaribia saa sita! Jipangeni!"

Waliingia chumbani: Mas Euton na vijana wawili wa kubeba, Shemasi, Merdell mlangoni na saa yake, na wengine dirishani, vichwa vimebanana. Jua la jioni lilikuwa limepitia mlango wa sebule likafika mpaka kwenye miguu ya kitanda.

"Sista Icilda," alisema Shemasi kwa upole. "Wewe ndiye damu yake. Mwambie."

Lilikuwa neno fupi, kila mtu analijua. Unamwita marehemu kwa jina, unamwambia hapa hapana kitu chako tena, nenda kwa amani. Mtoto wa miaka kumi angeweza kulisema.

"Linval," alisema Icilda.

Akakwama. Merdell alianza kusema kitu, Mas Euton akainua mkono kumnyamazisha.

"Linval, aliyekuzuia si Mama. Nataka ujue kabla hujaenda. Mama alitaka uende. Aliniambia kwa mdomo wake, akaniambia umechoka kusimama, nami nikamwahidi. Halafu nikawaongopea watu. Hapakuwa na wosia. Ni mimi niliyekung'ang'ania. Nilikuwa sitaki kubaki peke yangu, basi. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta hamna. Nisamehe."

Ungesikia watoto wakifukuzana mbali shambani. Icilda hakuwatazama watu. Aliutazama mto wa kitanda, foronya aliyoifua yeye kila mwezi kwa miaka thelathini na mitano.

"Lini?" Sauti ilikuwa ya Mas Euton, na haikuwa ya matangani. "Mama. Alikuambia lini?"

"Machi. Sitini na moja."

"Mimi nilikuja Juni. Sitini na mbili."

"Najua, Euton."

Aliitikia kwa kichwa, mara mbili, kama anavyofanya akipima ubao na kukuta umekatwa mfupi, na hakuna wa kulaumiwa ila kipimo. Kisha akaenda upande wa dirishani, akainama, akashika kichwa cha kitanda.

"Shikeni miguuni," aliwaambia vijana. "Saa, Merdell?"

"Imefika," alisema Merdell, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kama anayo.

"Mwambie basi, Icilda. Mwambie aende. Nami nina changu cha kumwambia."

"Nenda, Linval," alisema Icilda. "Hapa hapana kitu chako tena. Nenda kwa amani."

Walikinyanyua. Miguu ya kitanda ilikuwa imegandamana na sakafu, ikatoa mlio wa kuchomoka. Waliigeuza miguu mashariki, kabati likavutwa mpaka mlangoni, kiti kikapelekwa nje, pazia likashushwa. Haikuchukua hata dakika tano. Na Mas Euton, amesimama katikati ya chumba kilichopinduka, mgongo wake kwa Icilda, aliimba. Aliimba wimbo mzima, beti zote, bila kitabu. Hakuimba kama kanisani. Shemasi aliyemsikia kwenye kwaya miaka arobaini alisema baadaye hakujua sauti ile ilikuwa ikikaa wapi.

*

Matangani hawaagi. Ukiaga, mzimu nao utakusikia, utafuatana nawe njiani kama mwenzio. Kwa hiyo mtu anayeondoka humgusa mwenzake bega, akatoka. Hebron yote iliondoka hivyo, mmoja mmoja, kabla giza halijakolea. Merdell aliosha masufuria, akamgusa bega, akalibonyeza kidogo. Shemasi akamgusa bega.

Mas Euton alipitia mlango wa jikoni. Hakumgusa bega. Icilda alimwona dirishani akishuka kilima, kofia mkononi, akienda taratibu kwa sababu ya jicho. Alimwangalia mpaka kona ya ukuta wa mawe. Kama ameondoka kimya kwa kufuata desturi na bega akalisahau tu, au kwa kukosa neno la kumpa, hakuna aliyeweza kumwambia, na kumwita ilikuwa mwiko.

Alifagia mifupa ya samaki. Alifunga mlango wa mbele, kisha akaufungua tena, akauacha wazi. Halafu, kwa kuwa ilikuwa jioni na miguu ilishazoea, alijikuta amesimama mlangoni mwa chumba cha mashariki. Akafungua mdomo amweleze Linval nani alikuja na nani alilewa, na Euton ameimba vipi.

Chumba kilikuwa cha mtu asiyemjua. Akaufunga mdomo, akakaa sakafuni palepale, kwa sababu kiti kilikuwa nje.